Madai ya Uhuru: Majalada ya Mahakama ya St. Louis

Tarehe 6 Aprili 1846, mtu na mkewe walifika mbele ya mahakama ya kaunti ya St. Louis, katika jimbo la Missouri, Marekani, kila mmoja na hati yake ya madai. Mume aliitwa Dred Scott na mke aliitwa Harriet. Wote wawili walikuwa wakishikwa utumwani na mjane mmoja, Bi Irene Emerson, na wote wawili waliomba jambo moja: mahakama itamke kuwa wao ni watu huru. Hoja yao haikuwa ngumu. Marehemu mume wa Bi Emerson, daktari wa jeshi, alikuwa amewakalisha miaka kadhaa katika nchi ambazo sheria zake zilipiga marufuku utumwa, na aliyewahi kuishi katika nchi kama hizo hawezi tena kurudishwa kifungoni. Hawakujua kuandika. Kila mmoja alitia alama ya X penye jina lake, karani akaipokea hati, akaikunja, akaiweka pamoja na nyingine.

Mwisho wa kesi hiyo unajulikana dunia nzima. Mwaka 1847 walishindwa kwa kasoro ya ushahidi. Mwaka 1850 baraza la raia wa St. Louis likawapa uhuru wao. Mwaka 1852 Mahakama ya Juu ya Missouri ikawanyang'anya uhuru huo. Na tarehe 6 Machi 1857 Mahakama ya Juu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu Roger Taney, ikahukumu kwa kura saba dhidi ya mbili kwamba mtu mweusi mwenye asili ya utumwa hawezi kuwa raia wa nchi ile, na kwa hiyo hana hata haki ya kushtaki katika mahakama zake za taifa. Vitabu vya historia huitaja hukumu hiyo kuwa ni hatua mojawapo iliyoisogeza Marekani kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861.

Kisichojulikana sana ni kwamba hati mbili zile hazikuwa peke yao. Kati ya mwaka 1814 na mwaka 1860 watu zaidi ya mia tatu walifungua kesi za namna hiyo katika mahakama za St. Louis. Wengi wao walikuwa wanawake. Wataalamu wa sheria walizifahamu chache, zile zilizokatiwa rufaa na kuchapishwa katika vitabu vya hukumu. Zilizobakia zililala katika ghala la mahakama kwa zaidi ya karne, zimekunjwa mikunjo mitatu, zimefungwa kwa utepe na kufunikwa na masizi ya makaa ya mawe, mji ule ukiwa ulisifika kwa moshi wake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wahifadhi wa nyaraka wa jimbo la Missouri, kwa kushirikiana na karani wa mahakama hiyo, walianza kuyafungua majalada hayo moja baada ya moja, kuyapangusa na kuyanyoosha. Ndipo watu hao mia tatu na zaidi walipoanza kutokea, mmoja mmoja, kila mtu na madai yake.

Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akaghilibiwa na neno kaunti. Kaunti za Kenya, arubaini na saba kwa idadi, zilianza kazi mwaka 2013 kwa ajili ya utawala na maendeleo, nazo mahakama zimebakia mikononi mwa taifa. Ya Marekani ni mambo mengine. Huko, tangu na tangu, kaunti ndiyo yenye jengo la mahakama, na jengo hilo ndilo moyo wa mji. Ndani yake mna karani, aghalabu aliyechaguliwa kwa kura za wananchi, na kazi yake ni kupokea na kutunza kila karatasi iletwayo: madai ya deni, ugomvi wa mpaka wa shamba, talaka, mirathi, wizi na mauaji. Kwa desturi iliyorithiwa kutoka Uingereza, kesi husikilizwa hadharani na karatasi zake ni mali ya umma. Mtu yeyote anaweza kufika kwa karani akaomba kuliona jalada, bila ya kuulizwa analitakia nini, isipokuwa yale yaliyofungwa kwa amri ya sheria, kama vile mambo ya watoto.

Hata hivyo, kuwa wazi kwa umma si sawa na kupatikana. Anayetafuta jalada la zamani hana budi kujua kwanza mipaka ya siku zile. Mwaka 1876 mji wa St. Louis ulijitenga na kaunti yake, na mahakama ya kaunti iliyobakia ikaanzisha madaftari yake mapya. Karatasi za kabla ya hapo zilibakia mjini. Kwa hiyo aendaye leo kwenye kaunti ya St. Louis kutafuta kesi ya kaunti ya St. Louis ya mwaka 1846 atarudi mikono mitupu, na yumkini akadhani kwamba kesi hiyo haikuwahi kuwapo.

Kisha hana budi kujua namna karani alivyopanga kazi yake. Jalada lenyewe ni furushi la karatasi huru: hati ya madai, jibu la mdaiwa, viapo vya mashahidi, amri za kuwaita watu, hesabu ya gharama. Kando ya majalada yapo madaftari makubwa ambamo karani aliandika kila siku kilichotokea barazani, na faharasa za majina ya wadai na wadaiwa. Anayejua jina hulitafuta katika faharasa, akapata muhula wa mahakama na namba ya kesi, ndipo akaliendea furushi. Utaratibu ni mzuri kwa mwenye jina. Lakini mtumwa aghalabu alikuwa na jina moja tu. Karani alimwandika Winny, au Rachel, mwanamke wa rangi, bila ya ubini wala ukoo. Mtafutaji anayetafuta kwa jina la ukoo humpita mtu huyo asimwone, na mara nyingi njia ya kumfikia ni kupitia jina la bwana wake.

Na majina yenyewe huandikwa kama yalivyoingia katika sikio la karani. Kesi ya Dred Scott yenyewe inajulikana mpaka leo kwa jina lenye kosa: mdaiwa wa mwisho aliitwa Sanford, lakini makarani waliichapa Sandford, na herufi hiyo moja ya ziada imedumu katika vitabu vya sheria vya dunia nzima. Ikiwa tajiri mwenye jina kubwa aliweza kukosewa namna hiyo katika mahakama ya juu kabisa ya nchi, hali ya mjakazi asiyejua kusoma kilichoandikwa juu yake inafahamika.

Sheria iliyowafungulia watu hao mlango ilikuwapo tangu mwaka 1807, Missouri ilipokuwa bado haijawa jimbo, nayo ikatungwa upya kwa ukamilifu zaidi mwaka 1824. Iliruhusu mtu anayeshikwa utumwani kinyume cha haki kushtaki kama masikini, asilipe ada. Jaji akiridhika na maelezo yake, alimpa wakili, akaamuru aruhusiwe kuonana na wakili huyo, na akamkataza bwana wake kumtoa nje ya eneo la mahakama au kumtesa kwa sababu ya kushtaki. Ni ajabu kukuta sheria kama hiyo katika nchi iliyouza watu mnadani, na wanahistoria wameieleza ajabu hiyo kwa namna nyingi. Inatosha kusema kwamba utumwa nao ulikuwa mfumo wa sheria, na mfumo wa sheria hauna budi kusema ni nani mtumwa na ni nani si mtumwa. Palipo na mpaka, mtu anaweza kusimama juu yake akadai kwamba ameandikwa upande usio wake.

Namna ya kudai ilikuwa imepangwa. Mdai alitakiwa aseme kwamba fulani amemvamia, amempiga na kumfunga bila haki, hali yeye ni mtu huru. Mdaiwa naye alitakiwa ajibu kwamba aliyoyafanya ni haki yake, kwa kuwa mdai ni mtumwa wake. Maneno hayo yanarudi katika jalada baada ya jalada, kama kwamba watu mia tatu walipigwa siku moja, mahali pamoja, kwa mkono mmoja. Msomaji mwenye haraka anaweza kuchoka akayafunga, akidhani ni maneno ya mawakili matupu.

Mpenzi wa ushairi hatakosea hivyo. Amezoea kuona watunzi wengi wakiingia katika bahari moja, wakishika vina na mizani vilevile, na bado kila mmoja akasikika kwa sauti yake. Utenzi wa jadi hufunguka kwa dibaji inayojulikana, mtunzi akaagiza karatasi na wino kabla ya kulieleza lake. Hakuna anayesema kwamba watunzi wote hao ni mtu mmoja. Ndivyo yalivyo majalada hayo. Kanuni ya sheria ni dibaji. Baada yake huja lile ambalo hakuna mwingine angeweza kulisema: jina la mto uliovukwa, miezi aliyokaa upande wa pili, kazi aliyofanyishwa huko, jirani aliyemwona, mtoto aliyezaliwa na mahali alipozaliwa. Tofauti ni kwamba mtunzi wa utenzi aliagiza wino na ukaletwa, na mdai wa St. Louis hakuwa na wino wala karatasi vya kwake. Alisema, na mwingine akaandika.

Winny alikuwa miongoni mwa wa mwanzo. Ukoo wa Whitesides ulimchukua kutoka Carolina mpaka Illinois, nchi iliyokuwa chini ya sheria ya mwaka 1787 ya kukataza utumwa, ukakaa naye huko miaka kiasi, kisha ukamvusha mto Mississippi kumleta Missouri. Alifungua kesi mwaka 1818 na kushinda mwaka 1822, na mwaka 1824 Mahakama ya Juu ya Missouri ikaithibitisha hukumu yake kwa kanuni ambayo ilitawala kwa miaka karibu thelathini: aliyekwisha kuwa huru kwa kukaa katika nchi huru, hubaki huru. Baada yake akaja Rachel, ambaye afisa mmoja wa jeshi alimpeleka kwenye ngome za kaskazini, ikiwamo Fort Snelling, kabla ya kuuzwa St. Louis. Mwaka 1836 mahakama ileile ikasema kwamba hata afisa aliyehamishwa kwa amri ya serikali hakulazimishwa na mtu kuchukua mtumwa. Dred na Harriet walikutana na kuoana hukohuko Fort Snelling. Walipofika mahakamani mwaka 1846 hawakuwa wakibahatisha; walikuwa wakipita njia ambayo wanawake wa kabla yao walikwisha kuifyeka.

Kisa cha Polly na binti yake Lucy chaonyesha vipi jalada na kumbukumbu ya mtu hukutana, na vipi wakati mwingine hupishana. Mwaka 1839 Polly alifungua kesi akidai uhuru wake kwa kuwa aliwahi kushikwa utumwani Illinois, nchi isiyoruhusu utumwa. Akingali anasubiri hukumu, mwaka 1842, binti yake alitishiwa kuuzwa mbali, na Polly akamfungulia kesi yake mbali. Lucy, msichana wa umri wa miaka kumi na kitu, aliwekwa jela miezi kumi na saba, si kwa kosa lolote, bali ili asitoroke au asitoroshwe kesi ikiendelea. Polly alishinda mwaka 1843. Februari 1844 ikasikilizwa kesi ya Lucy, akitetewa na Edward Bates, aliyekuja kuwa mwanasheria mkuu wa serikali ya Abraham Lincoln. Hoja ilikuwa moja: mtoto hufuata hali ya mama yake, na ikiwa mama alikuwa na haki ya uhuru siku alipomzaa, basi mtoto hakuwa mtumwa hata siku moja. Lucy akatoka huru. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana huzaliwa huru kwa kumfuata baba. Huko Marekani mwana wa bwana kwa mjakazi wake alikuwa mtumwa wa baba yake mwenyewe.

Lucy Delaney aliishi hata akaandika maisha yake katika kitabu kilichotoka yapata mwaka 1891. Humo mama yake anaitwa Polly Berry. Katika jalada la mahakama anaitwa Polly Wash. Majina yote mawili ni ya mabwana: Taylor Berry alikuwa bwana wa kwanza huko Missouri, naye Robert Wash alimwoa mjane wa Berry na kuwa bwana wa Polly kwa njia hiyo. Huyu Robert Wash alikuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Missouri, barazani ambamo kesi za uhuru za wengine zilikuwa zikiamuliwa. Anayetafuta mama wa Lucy kwa jina alilolitumia Lucy mwenyewe hatamkuta mahakamani. Inampasa ajue kwanza nani alimmiliki, ndipo ampate siku alipokataa kumilikiwa.

Katika jengo hilohilo mlikuwa na majalada mengine ambamo watu haohao walikuwa wakionekana kwa sura nyingine. Jalada la mirathi liliorodhesha mali ya marehemu: kitanda, meza, ng'ombe wawili, na baada yao mtu, jina lake moja, umri wake wa kukisia, na bei. Ndiyo sababu wanaohimiza utafutaji wa kumbukumbu hizo hushauri mtu asiridhike na rafu moja. Mwanamke anayeonekana katika mirathi kama kitu chenye thamani ya dola kadhaa anaweza kuonekana, miaka mitatu baadaye, rafu ya pili yake, kama mdai mwenye wakili. Rafu moja inasema alivyohesabiwa, na nyingine inasema alivyojihesabu.

Ama kuhusu majalada ya jinai, somo lake lina ukali zaidi. Kumbukumbu ya jinai huonyesha yule ambaye dola iliamua kumshtaki. Haimwonyeshi ambaye iliamua kumwacha. Tarehe 28 Aprili 1836, Francis McIntosh, mtu mweusi huru aliyefanya kazi katika meli ya mtoni, alimuua afisa mmoja wa usalama na kumjeruhi mwingine alipokamatwa St. Louis. Kundi la watu lilimtoa jela, likamfunga mtini na kumchoma moto akiwa hai mbele ya kadamnasi. Jaji Luke Lawless aliliambia baraza la raia lililokuwa na jukumu la kuamua nani ashtakiwe kwamba, tendo likiwa limefanywa na umati mkubwa, halina mtu wa kulijibia. Hakuna aliyeshtakiwa. Anayetafuta katika faharasa ya mashtaka ya jinai ya mwaka ule kesi ya wauaji wa McIntosh hatapata kitu, na kutopata huko ndiko kumbukumbu yenyewe. Palipotakiwa kuwa na jalada, hapana jalada. Na hilo linajulikana tu kwa kuwa magazeti na watu wa wakati ule hawakunyamaza.

Mlango wa madai ya uhuru nao ulifungwa kwa hatua. Mwaka 1852, katika kesi ya Scott, Mahakama ya Juu ya Missouri iliitupa kanuni yake ya tangu wakati wa Winny, ikieleza waziwazi kuwa zama zimebadilika na kwamba jimbo halitawapa nguvu wapinga utumwa. Tangu mwaka 1848 Dred na Harriet walikuwa chini ya mkuu wa polisi wa kaunti, aliyewakodisha kwa watu na kuuweka ujira wao mpaka ijulikane ni wa nani. Kwa hiyo kuna hesabu za kaunti ambamo ujira wa kazi yao uliandikwa kila ulipoingia, mali isiyo na mwenyewe. Hukumu ya mwaka 1857 ilipotoka, ujira huo ulikuwa wa bwana. Tarehe 26 Mei mwaka huohuo Taylor Blow, mtoto wa ukoo uliowahi kummiliki Dred zamani, aliwaacha huru katika mahakama ileile ya St. Louis ambamo walianzia miaka kumi na moja kabla. Dred aliuonja uhuru huo mwaka mmoja na miezi michache. Alifariki Septemba 1858. Harriet aliishi mpaka mwaka 1876.

Na uhuru wenyewe haukuwa bila masharti. Kwa sheria ya mwaka 1835, mtu mweusi aliyekuwa huru alitakiwa apate kibali cha mahakama ya kaunti ili aruhusiwe kuishi Missouri. Aliyekwisha kuthibitisha kwamba si mtumwa alirudi kwa karani kuthibitisha kwamba anastahili kuwapo.

Hapo ndipo mambo ya Missouri yanapoacha kuwa ya mbali kwa wasomaji wa visiwani. Aprili 1897, miaka hamsini na mmoja baada ya Dred na Harriet kutia alama zao, Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri kuhusu utumwa Unguja na Pemba. Amri hiyo haikumwacha huru mtu yeyote kwa siku moja. Ilisema tu kwamba mahakama hazitatambua tena haki ya bwana juu ya mtumwa wake. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe kwenye mahakama ya wilaya akaudai, jina lake liandikwe, na bwana wake aweze kulipwa fidia. Aliyetambuliwa kuwa huru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo. Wao walihesabiwa kama wake, na mlango wao haukufunguliwa mpaka mwaka 1909. Sheria mbili, bahari mbili, watawala wasiofanana kwa dini wala lugha. Lakini katika pande zote mbili uhuru ulipitia kwa karani, na katika pande zote mbili aliyeupata aliulizwa papo hapo atakaa wapi na atakula nini.

Karatasi za mahakama za visiwani zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja, na nyingine Pemba. Kwa miaka mingi historia ya Zanzibar iliandikwa zaidi kutokana na barua za mabalozi na ripoti za maafisa, na katika maandishi hayo watumwa na wajukuu wao ni idadi tu. Waliozigeukia karatasi za mahakama walikuta watu. Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, aliwaonyesha wanawake na wanaume wa Ng'ambo wakijitengenezea nafasi mpya baada ya utumwa, kwa mavazi, kwa muziki na kwa kesi. Elisabeth McMahon, mwaka 2013, alipekua mirathi na mashauri ya Pemba akafuata namna maana ya neno heshima ilivyogeuka mikononi mwa watu waliokuwa watumwa. Elke Stockreiter, mwaka 2015, alisoma majalada ya makadhi wa Unguja akawakuta wanawake wakidai talaka, mahari na nafaka ya nyumba zao, na aghalabu wakisikilizwa. Huko nako sauti imepita katika mkono wa mwingine: mdai alisema kwa Kiswahili, karani wa kadhi akaandika kwa Kiarabu, na afisa wa Kiingereza akafupisha kwa lugha yake. Anayesoma leo husoma nyuma ya pazia mbili, na hana budi kuzijua zote mbili.

Lipo suali moja ambalo uwazi wa majalada hauwezi kulikwepa. Karatasi ya mtu aliyekufa miaka mia moja na hamsini iliyopita, ikifunguliwa, humrudishia haki yake. Karatasi ya mtu aliye hai inaweza kumpokonya. Katika Marekani ya leo kumbukumbu za jinai za kaunti zimehamia kwenye kompyuta, na wapo wafanyabiashara wanaozikusanya na kuziuza kwa waajiri na wenye nyumba za kupangisha. Aliyekamatwa ujanani kwa kosa dogo, hata kama kesi ilifutwa, anaweza kunyimwa kazi na chumba akiwa mzee. Ndiyo sababu majimbo yameanza kutunga sheria za kuyafunga majalada ya namna hiyo. Pennsylvania ilikuwa ya kwanza, mwaka 2018, kupitisha sheria ya kuyafunga yenyewe bila ya mhusika kwenda kuomba. Watu wa pwani wanalo neno la kale kwa jambo hilo, nalo ni sitara. Kumsitiri aliyekosa na akatubu hakukatazi kumfunua aliyedhulumiwa. Ila inataka mtunza nyaraka ajue ni lipi kati ya hayo mawili lililo mbele yake, na hilo haliwezi kuachiwa bei ya sokoni.

Pia inataka karatasi ziwepo. Za St. Louis zimesalimika kwa sababu hakuna aliyezitupa, wala si kwa sababu kulikuwa na aliyezithamini. Masizi yaliyozifunika hayakuziozesha. Hali ya visiwani ni nyingine, kwani joto, chumvi, maji na mchwa havingoji karne. Kila jalada lililolowa katika ghala la mahakama ya wilaya, kila daftari la kadhi lililofungiwa vifungu kwa kukosa pa kuliweka, ni watu kadhaa ambao mara moja tu katika maisha yao walisimama mbele ya mtu mwenye kalamu wakasema jina lao na walitakalo. Hawana barua, hawana picha, hawana kaburi lenye maandishi. Karatasi hiyo ikioza, hakuna wa kuwataja.

Juni 2022 mnara wa kumbukumbu ulizinduliwa St. Louis kando ya jengo la mahakama, na juu yake yamechongwa majina ya wale zaidi ya mia tatu waliodai uhuru wao. Winny yumo, na Rachel, na Polly, na Lucy, na Harriet. Wengi wana jina moja tu, kwa kuwa hilo ndilo alilosikia karani, na ndivyo alivyoliandika.